Mbegu Baada ya Mvua: Mawazo Juu ya Albamu ya "Kodhi" ya Ayub Ogada

1. Utangulizi

Mhakiki anayeandika juu ya msanii aliyempenda kwa miaka mingi huwa na mzigo ambao mhakiki mwingine hanao. Mapenzi yanamjulisha mengi ambayo mgeni hayajui, lakini mapenzi hayohayo humfanya adai kwamba msanii abaki pale alipomkuta mara ya kwanza. Msanii akisogea, mpenzi wake huona amesalitiwa. Makala haya yanakusudia kulitazama tatizo hilo kwa mfano mmoja, nao ni albamu iitwayo "Kodhi" iliyotolewa mwaka 2015 na Ayub Ogada, mpigaji nyatiti na mwimbaji wa Kenya aliyefariki Februari 2019.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la idara ya lugha lishughulike na santuri. Jibu ni kwamba Ogada aliimba kwa Kijaluo, na kwamba kwa muda mrefu watu wengi waliompenda, ndani na nje ya Kenya, walimpenda bila ya kuielewa lugha yake. Hapo pana swali kubwa la fasihi na la lugha ambalo haliwezi kuachiwa wanamuziki peke yao. Je, wimbo usioeleweka maneno yake umepokewa, au umesikika tu? Na ikiwa umesikika tu, ni nani mwenye wajibu wa kuufikisha?

2. Msanii na Njia Yake

Ayub Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akaitwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa Wajaluo, na sehemu ya utoto wake aliipitisha pamoja nao Chicago, Marekani. Alikulia basi mbali na vijiji vya kando ya Ziwa Viktoria ambako nyatiti ina mizizi yake. Jambo hili ni muhimu na tutalirudia, kwa maana wengi wetu tulimchukulia kama mtu aliyetoka kijijini na chombo chake mkononi bila ya kupita mjini.

Katika miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa vijana wa Nairobi waliopiga muziki wa magitaa ya umeme. Mwishoni mwa miaka hiyo alishiriki kuiunda bendi ya African Heritage, iliyofungamana na nyumba ya sanaa ya jina hilohilo mjini Nairobi. Aliigiza pia katika filamu ya "Out of Africa" ya mwaka 1985. Mwaka 1986 alikwenda London akiwa na nyatiti yake, akawa akipiga mahali pa wapita njia ili apate riziki. Huko ndiko alikosikiwa na watu wa tamasha la WOMAD, na hatimaye mwaka 1993 ikatoka albamu ya "En Mana Kuoyo" kwa lebo ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel. Mwaka 2007 alirudi Kenya, akaishi Nyahera karibu na Kisumu.

Kwa watu wa rika langu, "En Mana Kuoyo" haikuwa albamu miongoni mwa albamu. Ilikuwa kipimo. Ndani yake sauti ya mtu mmoja na nyuzi nane za nyatiti zilitosha, na palipokuwa na kimya, kimya hicho kilikuwa sehemu ya wimbo. Tulizoea kusema kwamba hapo ndipo muziki wa asili ulipohifadhiwa bila ya kuchafuliwa. Baada ya hapo Ogada hakunyamaza kabisa, maana alishirikiana na wengine hapa na pale; lakini sisi tulikwisha kuacha kungoja. Tulikuwa tumeifanya kazi yake ya 1993 kuwa mnara, na mnara hautazamiwi kuzaa.

3. Dirisha la Nyayo Highrise

Albamu ya "Kodhi" niliisikia mara ya kwanza katika nyumba ya mwalimu mwenzangu, ghorofani, mtaa wa Nyayo Highrise. Inafaa niseme kidogo juu ya mahali hapo, kwa sababu mahali palinisaidia kufikiri.

Nyayo Highrise ni mtaa wa maghorofa ulioko ukingoni mwa Kibera, na jina lake latokana na kaulimbiu ya utawala wa Rais Moi. Wengi wakaao humo ni watu wa mishahara. Chini yake yameenea mabati ya Soweto, na mbele zaidi Laini Saba, Lindi, Kisumu Ndogo na Gatwekera. Kando yake ni Bwawa la Nairobi, ambalo gugumaji limelifunika sawasawa na lilivyozifunika ghuba za Ziwa Viktoria. Aketiye dirishani husikia Kijaluo, Kiluhya, Kikamba, Kiswahili cha mjini na Sheng kwa wakati mmoja. Husikia pia Kinubi, lugha ya wajukuu wa askari wa Kisudani waliopewa ardhi hiyo na serikali ya kikoloni, nao ndio walioita mahali hapo kwa neno lao lenye maana ya msitu. Ni ajabu ndogo kwamba chombo cha nyatiti tukikitafutia jina la Kiswahili tunakiita kinubi.

Dirisha hilohilo lina historia nyingine inayomhusu Ogada. Filamu ya "The Constant Gardener", iliyotengenezwa na Fernando Meirelles kutokana na riwaya ya John le Carré na kuonyeshwa mwaka 2005, ilipigwa kwa sehemu katika Kibera. Ndani ya filamu hiyo umetumiwa wimbo wa Ogada uitwao "Kothbiro". Ulimwengu mzima uliusikia, na waliousikia waliulia. Walidhani ni maombolezo.

Lakini "Kothbiro" maana yake ni "mvua yaja". Kwa muhtasari, ni maneno ya mtu anayeonya kwamba mvua inakaribia na kuwahimiza watoto wairudishe mifugo nyumbani. Wimbo huu ulikuwa umerekodiwa Nairobi na bendi ya Black Savage katika miaka ya 1970, na rekodi hiyo ya zamani ndiyo iliyotumiwa na Kanye West kuujengea wimbo wake "Yikes" mwaka 2018. Hivyo maneno ya mchungaji yamezunguka dunia mara mbili, na mara zote mbili yamezunguka bila ya maana yake.

Hapa sharti tuwe waangalifu. Sisemi kwamba mtu aliyelia alikosea kabisa, kwa kuwa sauti nayo ina maana yake, na sauti ya Ogada katika wimbo ule ina huzuni. Nasema kwamba alipokea nusu. Nusu nyingine ilikuwa wazi kwa mama Mjaluo wa Gatwekera, ambaye kwake mvua inayokuja si picha ya ushairi. Ni maji ya matope yatakayoingia mlangoni, na ni mtoto anayepaswa kuitwa kabla mtaro haujafurika. Kwake yeye wimbo ule ni onyo, na onyo huhitaji kueleweka kuliko kuhurumiwa. Filamu iliyapiga picha makao yake ikaweka juu yake wimbo wa lugha yake, na bado katika watazamaji wote yeye ndiye aliyekuwa wa pekee aliyeujua.

4. Fani: Nyatiti na Gitaa

Sasa tuirudie "Kodhi". Jambo la kwanza lililonishtua lilikuwa gitaa. Albamu hii Ogada aliifanya pamoja na Mwingereza mpigaji gitaa, Trevor Warren, na gitaa hilo halikai nyuma ya nyatiti kama mgeni mwenye adabu. Linaketi kando yake. Nafasi ambazo katika "En Mana Kuoyo" ziliachwa wazi, hapa zimejazwa. Nilisikiliza nyimbo mbili tatu nikamwambia mwenyeji wangu kwamba mzee amepotezwa. Mwenyeji wangu, ambaye Kijaluo ni lugha ya mama yake, alinijibu kwa swali: "Na ni nani aliyekwambia kwamba nyatiti haijui gitaa?"

Swali hilo limenisumbua tangu siku ile, na nikilichunguza naona kwamba madai yangu yote matatu ya usafi wa "En Mana Kuoyo" hayasimami.

Kwanza, gitaa si geni kwa nyatiti. Muziki wa benga, uliokua katika nchi ya Wajaluo na kuenea Kenya nzima, ulizaliwa pale wapigaji walipolifanya gitaa liige miendo ya nyatiti: nyuzi kudonolewa moja moja kwa haraka, na besi kujibizana na sauti ya mwimbaji. D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati waliitumia benga hiyo kusema mambo ya siasa kwa mafumbo kwa miongo mingi, hadi kifo chake mwaka 2006. Nyatiti na gitaa basi ni mama na mtoto waliokwisha kukaa nyumba moja kabla Warren hajafika.

Pili, Ogada mwenyewe alianzia katika muziki wa umeme wa Nairobi. Aliyekwenda kwenye nyatiti kwa hiari yake hakuwa mfungwa wa nyatiti. Tulipomtaka abaki na chombo kimoja tulikuwa tunamnyima uhuru ambao kila msanii wa Ulaya hupewa bila ya kuuomba.

Tatu, na hili ndilo gumu zaidi kwa mpenzi kulikubali, usafi wa mwaka 1993 wenyewe ulikuwa umetengenezwa. Lebo ya Real World ilikuwa na studio zake Box, Wiltshire, Uingereza, na kimya tulichokipenda sana ni kimya cha studio. Nyatiti kijijini haipigwi katika kimya. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, amevaa njuga mguuni na pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu, ambayo huigonga kwenye ubao wa chombo kushika mwendo. Amezungukwa na watu, iwe ni katika matanga au sherehe. Watu hao hawanyamazi. Wapo wanaoukatiza wimbo kwa desturi iitwayo pakruok: mtu husimama, hutoa fedha, hujisifu yeye na marafiki zake na ukoo wake, ndipo mpigaji huendelea. Wimbo wa nyatiti hukamilika kwa kukatizwa. Katika albamu ya 1993 hakuna anayeukatiza. Tulichokiita asili kilikuwa asili iliyoondolewa watu.

Tukiyakubali haya, gitaa la "Kodhi" huonekana kwa sura nyingine. Ogada amepata tena mtu wa kusema naye. Sauti yake, ambayo miaka zaidi ya ishirini imeizeesha na kuitia ukavu, haisimami tena peke yake katikati ya ukumbi mtupu. Hujibiwa. Jibu hilo si pakruok, na wala Warren si jirani wa Nyahera. Lakini ni jibu.

Hata hivyo mhakiki asigeuze majuto yake kuwa sifa za bure. Kuna sehemu ambapo gitaa linawahi mno. Nyatiti ina tabia ya kurudia mwendo mmoja hadi msikilizaji aache kuuhesabu, ndipo neno moja likibadilishwa libadilike kwa kishindo. Gitaa likiongeza pambo kila mzunguko, msikilizaji huendelea kuhesabu, na kishindo cha neno hupungua. Kasoro hii ni ya fani, lakini chanzo chake ni cha lugha: anayepiga bila kuyafuata maneno hawezi kujua ni wapi anyamaze.

5. Jina la Albamu na Suala la Umilikaji

Albamu hii ina kichwa kidogo chini ya jina lake. Kwa Kiswahili kichwa hicho chasema kwamba haya ni matukio ya safari za Trevor Warren pamoja na Ayub Ogada. Nilipokisoma nilikasirika, na nadhani wasomaji wengi wa jarida hili wangekasirika. Tunaijua aina hiyo ya vichwa. Ndivyo vilivyoandikwa juu ya vitabu vya wapelelezi wa karne ya 19, ambao kwao Mwafrika alikuwa mahali pa kusafiria na safari yenyewe ilikuwa yao. Msanii aliyekwisha kusikika duniani kote, katika albamu iliyobeba neno la lugha yake, amewekwa katika nafasi ya pili baada ya "pamoja na".

Lakini baada ya kukifikiri kichwa hicho kwa muda nimeona upande wake wa pili. Warren hakudai kwamba anamsemea Ogada. Hakuandika kwamba hii ndiyo sauti ya Afrika, wala sauti ya Wajaluo. Amesema kwamba hii ni safari yake yeye, na kwamba alikuwa na mwenzi. Madai hayo ni madogo, na ni ya kweli kuliko madai makubwa ambayo makampuni ya muziki yamezoea kuyatoa juu ya wasanii wetu. Lililo baya zaidi ni kwamba Mwingereza mmoja alifunga safari hadi kwa Ogada, na sisi wa Nairobi hatukufunga. Saa chache za basi zilitutenga na Nyahera. Ni wangapi kati yetu waliokwenda huko na daftari, wakamwomba mzee awasomee maneno ya nyimbo zake na kuwaeleza? Hasira yangu juu ya kichwa kile ilikuwa, kwa sehemu kubwa, aibu.

6. Maudhui: Neno na Tafsiri Yake

"Kodhi" kwa Kijaluo ni mbegu. Msikilizaji aliyezijua kazi za awali hawezi kukosa kusikia ukaribu wa neno hili na neno "koth", yaani mvua, lililomo katika "Kothbiro". Sidai kwamba msanii aliyakusudia yaonane. Nasema kwamba mpenzi wa siku nyingi anayo haki ya kuyaonanisha: yule aliyeonya ujanani kwamba mvua yaja, uzeeni anataja mbegu. Mkulima hufuata utaratibu huohuo. Tena mkulima ajua kwamba mbegu ya kupanda hailiwi, hata njaa ikizidi. Mtu aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi ya ughaibuni, kisha akaita kazi yake "Mbegu", ametuambia ni nini alichokataa kukila.

Mfano mwingine ni jina la albamu ya kwanza, "En Mana Kuoyo". Kwa kawaida hutafsiriwa "ni mchanga tu". Maana imefika, lakini mpangilio umepotea. Katika Kijaluo neno "mana", lenye kupunguza, hutangulia kile kinachopunguzwa. Msikilizaji huambiwa kwamba kitu ni hicho tu kabla hajajua ni kitu gani, kisha mchanga humwagika mwishoni. Kiswahili, kwa kutumia "tu", humwonyesha mchanga kwanza na kuupunguza baadaye. Anayetaka kuutunza mwendo wa Kijaluo itambidi aseme "si kitu ila mchanga". Tofauti ni ndogo, lakini ushairi huishi katika tofauti za namna hiyo. Na tazama kwamba tofauti hii imeonekana kwa kuziweka lugha mbili za Kiafrika uso kwa uso. Tungepitia Kiingereza kwanza isingeonekana.

Mfano wa tatu ni wimbo "Dala", uliomo pia katika albamu ya 1993. Katika Kijaluo "ot" ni nyumba na "dala" ni makao ya ukoo, mahali ambapo mtu ana mababu na kaburi. Tofauti hii ilisikika hata mahakamani mwaka 1987 katika kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, ambapo ilibishaniwa kama mtu aliyeishi Nairobi alikuwa huko na makao au alikuwa na nyumba tu. Hatimaye alizikwa Nyalgunga, Siaya. Kiswahili hutofautisha jambo hilo kwa njia yake: "nyumba" ni jengo, lakini tukiongeza "-ni" tunapata "nyumbani", na mtu aweza kukaa katika nyumba maisha yake yote bila ya kuwa nyumbani. Toka dirisha la Nyayo Highrise neno "dala" lina uzito mkubwa. Juu tuko watu wenye nyumba, chini wako watu wenye vibanda vya kupanga, na juu na chini kila mtu akiulizwa kwao ni wapi hutaja mahali pengine.

7. Lugha Moja na Taifa

Kuna hoja ya kupinga haya yote, na haifai kuikwepa. Wako wasemao kwamba wimbo wa lugha ya kabila moja hauwezi kuwa wimbo wa taifa zima, na kwamba kuushughulikia ni kuuchochea ukabila. Hoja hii ina chanzo chake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwaka uleule Ogada aliporudi nyumbani, Kibera iliwaka moto. Soko la Toi liliteketea na reli iking'olewa, na kwa majuma kadhaa lugha aliyoisema mtu ilitosha kumponza. Aliyeyaona hayo hawezi kulaumiwa akiogopa.

Lakini nadhani hoja hii imegeuza sababu kuwa tokeo. Lugha ya jirani iligeuka ishara ya hatari kwa sababu tulikuwa hatujui kitu kingine juu yake. Tuliijua sauti yake tu, kama watazamaji wa filamu ile walivyoijua sauti ya "Kothbiro". Mtu anayejua kwamba jirani yake anaimba juu ya mvua, mifugo, mchanga na mbegu, ana jambo moja zaidi la kumzuia asimdhuru. Silidai jambo hilo kuwa kinga. Nadai kwamba ukimya haukuwa kinga.

Tena jirani zetu wa Uganda walikwisha kutupa mfano. Okot p'Bitek alitunga "Wer pa Lawino" kwa Kiacholi, lugha iliyo ndugu ya Kijaluo, na kwa njia ya tafsiri yake mwenyewe utenzi huo umekuwa mali ya Afrika Mashariki yote. Geoffrey Oryema, Mwacholi aliyekimbia Uganda baada ya baba yake kuuawa mwaka 1977 wakati wa Idi Amin, alitoa albamu ya "Exile" mwaka 1990 kwa lebo ileile ya Real World, akiimba kwa Kiacholi na Kiswahili bega kwa bega. Oryema alikijenga kivuko yeye mwenyewe. Ogada alikiacha kivuko kijengwe na wengine, na wengine hao ni sisi.

8. Hitimisho

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi, na fasihi simulizi iwe sehemu ya msingi huo. Pendekezo hilo lilibadili mengi. Hata hivyo bado tunagawana kazi kana kwamba mwalimu wa Kiswahili hana haja na Kijaluo, na mwalimu wa fasihi simulizi hana haja na wimbo uliotoka studioni. Ayub Ogada ameangukia katika ufa huo. Ni mjini mno kwa watafiti wa kijiji, na ni Mjaluo mno kwa wahakiki wa Kiswahili.

Ninachopendekeza ni kitu kidogo. Maneno ya nyimbo za albamu hizi mbili yaandikwe kikamilifu kwa Kijaluo na watu wanaoijua lugha, yafasiriwe kwa Kiswahili moja kwa moja bila ya kupitia Kiingereza, na yajadiliwe darasani kama tunavyojadili tungo nyinginezo. Kazi hiyo yahitaji wazee wa Nyahera na wa Gatwekera zaidi ya inavyohitaji fedha. Mwenyewe hayupo tena kuulizwa, na kila mwaka wanaomkumbuka wanapungua.

Kuhusu albamu yenyewe, hukumu yangu ni hii. "Kodhi" haiifikii "En Mana Kuoyo" kwa utulivu, na gitaa lake mara nyingine halijui wakati wa kunyamaza. Lakini ni kazi ya mtu aliye hai, na ile tuliyoiabudu tulikwisha kuifanya ya mtu aliyekufa angali anapumua. Nilipokwenda tena Nyayo Highrise, baada ya msiba wa 2019, mwenyeji wangu aliiweka albamu hiyo bila ya kuniuliza. Safari hii sikusema neno juu ya gitaa. Nilitoa daftari nikamwomba anifasirie, mstari kwa mstari, naye akaanza.